Mjinga, mnyofu na asiye na hatia: watu watatu tunaowaita jina moja

Jioni moja tumekaa barazani huku Ngamiani, Tanga, kahawa imeshapita mara ya pili na sahani ya kashata imebaki chengachenga, mzee mmoja wa mtaani akatoa kitochi chake mfukoni akatuonyesha meseji: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Alikuwa ameshatuma. Shilingi 60,000. Baraza zima likaangua kicheko, na methali ile ambayo huwa haikosi msemaji ikasemwa: wajinga ndio waliwao.

Mzee akamalizia kikombe chake taratibu. “Mie nadaiwa na fundi aliyeniezekea bati,” akasema. “Nikaambiwa tuma, nikatuma. Sasa ujinga uko wapi hapo?”

Kicheko kikapoa. Mimi swali lile nikaondoka nalo. Kiswahili kina maneno tele ya watu wa namna hii: mjinga, mpumbavu, mshamba, zuzu, juha, mnyofu, mtu wa moyo mweupe, asiye na hatia. Midomoni mwetu yote yametiwa chungu kimoja yakapikwa yakawa uji. Na dhana nyingi potofu tulizonazo juu ya watu wanaodanganywa zimetoka humo chunguni.

“Mjinga ni mtu asiye na akili”

Mwenye akili asiyetaka kuitumia ana jina lake, naye ni mpumbavu. Mjinga ni asiyejua, basi. Akijulishwa anajua, ndiyo maana wahenga wakaonya kuwa mjinga akierevuka, mwerevu yumo mashakani.

Lakini neno lenyewe lina historia chungu, na historia hiyo ni ya mwambao huu huu. Katika karne ya 19, kwenye miji kama Pangani na Bagamoyo, mjinga alikuwa hasa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye bado hajaijua lugha ya pwani wala desturi zake. Aliyezaliwa hapa utumwani aliitwa mzalia. Kamusi za zamani zilizoandikwa na wamisionari zimeihifadhi maana hiyo. Mtu huyo pengine kwao alikuwa mhunzi, au mganga, au mkulima anayesoma mawingu kuliko yeyote mjini. Asichokijua kilikuwa kimoja tu: Pangani. Na waliomwita mjinga ndio hao hao waliomnunua.

Ukishaliona hilo, maneno mengine nayo yanafunguka. Mshamba ni mtu wa shamba, kwa macho ya mtu wa mjini. Zuzu ni aliyezuzuka, mgeni aliyesimama njia panda akishangaa. Nusu ya matusi yetu ya ujinga, kumbe, ni majina ya ugeni! Hata juha, jina lililotoka kwa Juha wa hadithi za Waarabu, lina kichekesho chake, kwa kuwa Juha mwenyewe mara nyingi ndiye anayewaumbua wenye akili mwisho wa hadithi. Sisi watu wa Tanga, tunaojisifu kwa “waja leo waondoka leo”, tungepaswa kuwa wa mwisho kumcheka mgeni.

“Mangungo aliiuza nchi kwa ujinga wake”

Hii inaniudhi kuliko zote. Tumeisoma darasani tukacheka, na mpaka leo mtu akisaini mkataba mbovu anaitwa Mangungo.

Tuanze na safari yenyewe. Novemba 1884, Mjerumani Carl Peters na wenzake waliondoka Saadani, hapo kati ya Pangani na Bagamoyo, wakapanda bara. Kwa wiki chache tu wakawa wamekusanya mikataba ya Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami. Chifu Mangungo wa Msovero, huko Usagara, ni mmoja wa waliotia alama. Karatasi iliandikwa kwa Kijerumani. Juu ilizungumza urafiki wa milele, na ndani yake ilimpa Peters ardhi na haki zote za utawala. Kwa upande wa Mangungo aliyekuja ni mgeni, na mgeni hukirimiwa. Hapo aliyejua kila kitu alikuwa mmoja tu, yule aliyeileta karatasi.

Sasa tazama yaliyofuata. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya kuyaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wa Ujerumani. Sultani Barghash wa Zanzibar akapinga. Barghash hakutia saini kwenye karatasi za Peters, alikuwa na makarani, alikuwa na mabalozi wa mataifa makubwa mlangoni pake, na hakuna anayethubutu kumwita mjinga. Agosti mwaka huo huo manowari za Wajerumani zikatia nanga mbele ya Zanzibar, naye akakubali.

Kwa hiyo aliyesaini alipoteza na aliyekataa alipoteza. Nchi ilichukuliwa kwa mizinga, karatasi ilikuwa kisingizio cha kuonyesha Ulaya. Peters mwenyewe alifukuzwa utumishi wa kikoloni mwaka 1897 kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro, lakini jina lililobaki midomoni mwetu kama tusi si lake. Aliyedanganya tumemsahau, aliyedanganywa tunamcheka kizazi baada ya kizazi.

“Anayeamini watu ndiye anayedanganyika upesi”

Inaelekea kuwa kweli, na bado si kweli. Mwanasaikolojia wa Marekani, Julian Rotter, alilichambua jambo hili katika makala yake ya mwaka 1980, akaona kuwa watu wenye tabia ya kuamini wenzao hawadanganyiki zaidi kuliko wenye shaka. Aliona pia kuwa watu hao wenyewe si wepesi wa kusema uongo. Toshio Yamagishi wa Japani akaongeza la kushangaza: mwenye kuamini huzinasa upesi zaidi dalili za mtu asiyeaminika. Maelezo yake yanaingia akilini kwa mtu yeyote wa pwani. Anayemwogopa kila mtu hajichanganyi, na asiyejichanganya hajifunzi kusoma watu, kama vile asiyeingia baharini asivyojua mkondo uko wapi.

Basi mzee wetu aliliwaje? Meseji ile hurushwa kwa watu wengi kwa mpigo, bila kuchagua. Asiyedaiwa anaifuta na kuendelea na shughuli zake. Anayedaiwa na hana nia ya kulipa anaifuta upesi zaidi. Inamnasa yule ambaye siku hiyo ana deni kweli, pesa anayo, na amekusudia kulipa. Ukiiangalia vizuri, ni mtego wa kukamatia waungwana.

Sisemi kila aliyelizwa ni muungwana. Serikali ilipousimamisha upatu wa DECI mwaka 2009, waliokuwa “wamepanda mbegu” wakingoja “kuvuna” walikuwemo waliosoma na wasiosoma. Pale kulikuwa na imani kwa jirani na kwa muumini mwenzio, ni kweli, lakini tamaa nayo ilikuwa na kiti chake. Huyo na mzee wa bati msiwakalishe jamvi moja.

“Mtoto ni malaika, hajui uongo”

Mpwa wangu, miaka mitatu na nusu, aliniambia hajagusa visheti huku sukari imemganda mpaka kidevuni. Alisema uongo kamili, ila alikuwa hajajua kwamba kidevu nacho kinasema.

Hicho alichokosa kimechunguzwa. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner waliwasimulia watoto kisa cha kijana Maxi anayeweka chokoleti kabatini, akatoka, mama akaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi ataitafuta wapi? Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida hutaja kabati jipya, kwa sababu yeye anajua iliko na anadhani kila mtu anajua. Kuanzia miaka minne hivi wengi huanza kung’amua kuwa kichwa cha mwenzio kinaweza kuwa na habari tofauti. Uongo wa kufaulu unaanzia hapo. Ni hatua ya kukua, haina haja ya kuitwa shetani.

Dini na sheria zenyewe hazijawahi kumwachilia mtoto kwa sababu hajui kusema uongo. Katika Uislamu mtoto huzaliwa kwenye fitra, yaani maumbile safi, na kalamu ya kuandika dhambi imeinuliwa kwake mpaka abaleghe, sawa na aliyelala mpaka aamke na mwendawazimu mpaka apone. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania nayo inasema aliye chini ya miaka 10 hana jukumu la jinai, na aliye chini ya 12 hanalo mpaka ithibitike kuwa aliweza kujua kuwa jambo lile halifai. Hoja ni uwezo wa kubeba mzigo. Visheti kala, hilo halina ubishi.

“Ukimweleza msichana mambo ya utu uzima unamharibu”

Waulizeni makungwi. Mwali aliwekwa ndani ili aelezwe, kwa nyimbo, kwa mafumbo na kwa ngoma, na somo wake alibaki wa kuulizwa hata baada ya ndoa. Waliodhani usafi wa moyo ni kufungwa macho ni sisi tulioacha unyago na tusiweke kitu mahali pake, tukaiachia simu ifundishe.

“Asiye na hatia ni mtu mwema”

Hili ni la mahakamani tu. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa anayo hatia. Kwa hiyo mjanja wa mjini aliyefikishwa kizimbani leo asubuhi hana hatia bado. Na mnyofu kutoka kijijini aliyevunja sheria asiyoijua anaweza kukutwa nayo, maana kutojua sheria si kinga. Moyo mweupe na hatia vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na hakimu hapimi weupe wa moyo.

“Mcha Mungu hatakiwi kuwa mjanja”

Kwenye Biblia, Mathayo 10:16, wanafunzi wanaambiwa wawe na busara kama nyoka na wawe wapole kama hua. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa “wapole” lilitumika pia kwa divai isiyochanganywa na maji. Linamsema mtu asiye na mchanganyiko, wa ndani na wa nje wamoja. Kwangu mimi huyo ndiye mnyofu, na nyoka kawekwa pembeni yake makusudi. Mtume Muhammad (S.A.W.) naye amesema muumini haumwi mara mbili kutoka shimo moja. Kuumwa mara ya kwanza hakukutajwa kuwa aibu.

Mwezi uliopita mzee alipata meseji nyingine. Fundi yule, bati zile zile, salio la mwisho, namba ngeni. Barazani wakaanza kucheka kabla hajamaliza kuisoma. Yeye akatoa baiskeli yake, akaendesha mpaka Makorora juani, akamkuta fundi juu ya kenchi.

“Shikamoo, mzee,” fundi akamwamkia toka huko huko juu. “Meseji imefika? Simu yangu imeibwa, natumia namba mpya.”

Mzee akamhesabia mkononi.