Yoga na maumivu ya kiuno: maswali ya wakulima wa mwani

Maji ya bamvua yakitoka, akina mama wa Paje na Jambiani, huku Zanzibar, huinama kwa saa nyingi wakifunga na kuvuna mwani. Pembeni, wageni wa hoteli wananyoosha viungo mchangani. Maswali yanakuja yenyewe.

Yoga ni mazoezi ya viungo tu?
Hapana. Ni mafunzo ya kale ya India. Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, katika maandiko yake anaieleza kuwa ni kutuliza mahangaiko ya akili. Anataja hatua nane, na ya kwanza ni tabia: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba. Mikao ya mwili ni ya tatu, pumzi ya nne.

Haigongani na Uislamu?
Una haki ya kuuliza. Asili yake imefungamana na dini za India, na baadhi ya walimu huimba maneno ya ibada. Kunyoosha mgongo na kupumua taratibu kunawezekana bila hayo. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kwanza.

Kiuno changu kitapona?
Yoga hupunguza kiasi maumivu ya kiuno ya muda mrefu, ukishikilia kwa wiki nyingi. Piga magoti juu ya mkeka, viganja chini ya mabega. Ukivuta pumzi, teremsha tumbo na kuinua kifua. Ukiitoa, pandisha mgongo juu kama paka anayejinyoosha. Rudia mara nane hivi, bila haraka. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, maana hiyo ndiyo inayopunguza kasi ya moyo.

Kujitambua kunaingia wapi?
Hapo hapo mkekani. Mabega yamepanda? Meno yamebana? Pumzi umeizuia bila kujua? Wengi wetu hatuusikii mwili mpaka ugome. Ukizoea kuusikiliza, hata kule majini utajua wakati wa kunyooka kabla kiuno hakijakaza. Kwangu mimi hili lina faida kuliko mkao wowote wa kupigia picha.

Nina presha. Na mjamzito je?
Dawa usiache. Usizuie pumzi wala kuning'iniza kichwa chini. Mwenye presha ya macho vilevile. Mjamzito azungumze na mkunga wake, na mimba ikishakua asilale chali muda mrefu.

Mguu ukiishiwa nguvu, ganzi ikishika sehemu za siri, au mkojo ukakataa kutoka, acha mazoezi uende hospitali siku hiyo hiyo.