"Mimi ni wa masomo, fedha ni za mhasibu"

Kila kundi jipya la uzamili wa utawala wa elimu huja na kauli hiyo, na safari hii nimechoka kuijibu kwa upole. Naibu mwalimu mkuu anayengojea kupewa shule hukaa mstari wa mbele tukisoma mitindo ya uongozi, anaandika mpaka wino unamwishia. Ikifika zamu ya fedha na ununuzi, anatuma udhuru. Ukimuuliza, anakwambia shule ina mhasibu na ina mtu wa stoo. Yeye anakwenda kuinua masomo.

Sheria kwanza, na tuipite upesi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inamfanya mkuu wa shule kuwa katibu wa BOM, yaani bodi ya usimamizi ya shule. Mhasibu hutayarisha vitabu tu. Mkaguzi akikuta vocha isiyo na risiti, anayeitwa kujieleza ni mwalimu mkuu. Mhasibu awe malaika au awe mjanja wa mjini, dhamana haimhamii.

Sasa chukua shule ya kutwa ya sekondari hapa Mombasa, wanafunzi 400. Kapitesheni, ile ruzuku ya serikali kwa kila mwanafunzi, ni shilingi 22,244 kwa mwaka, yaani 8,897,600 kwa shule nzima. Hizo ni za kwenye karatasi. Utaratibu ni kuzigawa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, kwa hivyo muhula wa kwanza unapata 4,448,800 na wa tatu unabaki na 1,779,520. Muhula huo wa tatu ndio wa KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na kemikali za majaribio ya maabara hazikopeshwi kwa tabasamu. Anayesema yeye ni wa masomo na hakuweka akiba ya maabara tangu mgao wa kwanza, ameshaharibu masomo yenyewe kabla hajaingia darasani. Na hapo nimejifanya kuamini kwamba pesa zitakuja zote, tena kwa wakati.

Halafu pesa hufuata watoto waliosajiliwa katika mfumo wa wizara, si wale unaowaona uwanjani. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hukwama kwenye usajili. Wakikwama 30, shule imekosa 667,320 kwa mwaka na watoto bado wanakaa kwenye madawati, wanatumia chaki na choo. Kuwasaka wazazi walete vyeti ni kazi ya mkuu wa shule. Haimo katika kitabu chochote cha nadharia nilichowahi kufundishia.

Mambo ya pwani yenyewe nayapitia kwa mbio, ingawa kila moja lingestahili kipindi chake. Hewa ya bahari hula misumari ya mabati kabla ya mabati yenyewe, kwa hivyo fungu la ukarabati la shule ya Likoni haliwezi kunakiliwa kutoka shule ya bara. Maji ya kisima yenye chumvi huua mifereji. Ratiba ya Ijumaa lazima iache nafasi ya sala, na vipindi vya dakika 40 vilivyosogezwa visiangukie somo lile lile mwaka mzima. Mwalimu anayevuka na feri asipangiwe kipindi cha kwanza kisha uje umwandikie barua za kuchelewa.

Nitakaa zaidi kwenye kumbukumbu za kikao na ununuzi, maana hapa ndipo watu wazima wenye shahada mbili wanapozama.

Katibu anaandika: "Bodi ilijadili suala la chakula na mwalimu mkuu akaombwa kuliangalia." Hilo si azimio. Miezi minane baadaye bei imepanda, mzabuni anadai, mwenyekiti hakumbuki kitu, na karatasi hiyo haimkingi mtu. Azimio lina kitu, kiasi, fungu la pesa, mtekelezaji na tarehe: bodi imeidhinisha ununuzi wa magunia 60 ya mahindi ya kilo 90 kutoka fungu la chakula, kwa utaratibu wa kotesheni (bei za maandishi kutoka kwa wauzaji), mwalimu mkuu atekeleze kabla ya shule kufunguliwa. Akidi iandikwe. Mjumbe mwenye maslahi katika jambo atamke, atoke, na kutoka kwake kuandikwe. Kumbukumbu zisomwe na kuthibitishwa kikao kinachofuata. Zisitiwe sahihi barazani kwa mwenyekiti usiku wa kuamkia ukaguzi.

Umeona kwamba azimio hilo halikutaja mzabuni? Usilitie jina lake. Bodi huidhinisha bajeti na mpango. Haichagui nani auze mahindi. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka kamati ya tathmini ilinganishe bei, mtaalamu wa ununuzi atoe maoni kwa maandishi, ndipo mwenye dhamana ya fedha aamue. Wanafunzi wangu hubisha hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kule walikotoka mjumbe wa bodi ndiye huleta unga. Najua. Ndiyo maana nafundisha.

Mpangilio ni huu: ombi kutoka idara, kotesheni zisizopungua tatu, tathmini, LPO (hati ya kuagiza bidhaa), mzigo, kamati ya upokeaji, leja ya stoo, ankara, vocha, malipo. Kosa la kila siku ni LPO kuandikwa baada ya mzigo kushushwa, ikarudishwa tarehe nyuma. Kosa la pili ni kukatakata ununuzi vipande vidogo ili ukwepe zabuni, jambo ambalo sheria hiyo hiyo imelikataza waziwazi. La tatu ndilo linaloniudhi: mtu wa stoo kutia sahihi kiasi kilichoandikwa kwenye ankara badala ya kiasi alichokipima. Gunia likipungua kilo 3, magunia 60 yamepungua kilo 180, yaani magunia mawili umelipia upepo. Mizani iwe mlangoni, na mkuu wa shule apime mwenyewe magunia machache bila kutoa taarifa. Chakula kikiisha kabla ya muhula, watakaorudishwa nyumbani na kukosa vipindi ni wanafunzi. Masomo hayo, bwana.

Sisi wa vyuo tuna lawama yetu, tena kubwa. Tunamfundisha mtu nadharia za kale za usimamizi: Taylor wa 1911, Fayol wa 1916 aliyekuwa mhandisi wa migodi, kisha Gulick wa 1937 na ile POSDCORB yake, kifupi cha kazi saba za msimamizi, ambayo wanafunzi huikariri kama kasida. Herufi ya mwisho pale ni bajeti! Wanaitaja, wanapata alama mbili, wanasonga mbele.

Kisha inakuja tasnifu. Mada mnaijua: athari za mtindo wa uongozi wa walimu wakuu kwa matokeo ya KCSE katika kaunti ndogo ya Kisauni. Mwaka ujao Kisauni inafutwa, inaandikwa Changamwe. Mwaka wa tatu ni Jomvu. Mbinu ni hojaji yenye ngazi tano, kutoka "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa", wanapewa walimu wamtathmini bosi wao, na hojaji zinakusanywa kutoka ofisi ya bosi huyo huyo. Shule zenyewe ni chache, na kila shule ina mkuu mmoja, kwa hivyo hata walimu wakiwa mia mbili, unacholinganisha ni wakuu kumi na kitu. Alama walizoingia nazo watoto haziguswi, wakati shule iliyochagua wenye alama za juu ingefaulu hata ikiongozwa na kiti. Mwishoni linapendekezwa kwamba walimu wakuu wapewe mafunzo zaidi ya uongozi. Mafunzo yapi? Haya haya.

Ningepewa ruhusa, mwanafunzi angeweza kuchagua kuchambua shule moja kwa undani badala ya hojaji: leja za mwaka mzima, mahudhurio ya walimu kipindi kwa kipindi, maazimio ya bodi na yapi yalitekelezwa. Wenzangu wengine husema huo si utafiti. Sikubaliani nao kabisa, ngazi ya kwanza.

Lakini nami sina uhakika na kila kitu. Sijui kama kozi yetu hutengeneza wakuu bora au huwavutia tu wale ambao wangekuwa bora hata bila sisi. Mchango wa mkuu wa shule humfikia mtoto kupitia kwa walimu, vitabu, muda na utulivu, na kuupima peke yake ni kazi ngumu kuliko tunavyokiri kwenye vipeperushi vyetu. Wala shahada haimpi mtu shule. TSC, tume inayoajiri walimu, hutangaza nafasi na kufanya mahojiano, na anayejisajili akidhani cheti kitampandisha chenyewe amedanganywa na mtu. KEMI, taasisi ya serikali ya mafunzo ya usimamizi wa elimu iliyokuwa ikiitwa KESI, hufundisha mambo ya ofisi vizuri kuliko sisi, ila mara nyingi humpata mtu akiwa ameshakalia kiti.

Dawa inayotajwa kila kikao cha idara ni mazoezi ya vitendo: muhula mmoja chini ya mkuu mzoefu, mwanafunzi atoke na kumbukumbu za kikao alizoziandika mwenyewe, usuluhisho wa hesabu za benki wa mwezi mmoja, hesabu ya stoo, ratiba, na maelezo ya vipindi vitano alivyovitazama. Naiunga mkono. Ila wengi wa wanafunzi wetu ni walimu walio kazini, wanaosoma Aprili, Agosti na Desemba. Miezi hiyo shule zimefungwa, stoo ina kufuli na bodi haikai. Na hata tukipata muhula wenyewe, hatuna njia ya kuhakikisha kwamba huyo mkuu mzoefu tutakayemkabidhi mwanafunzi haandiki LPO zake baada ya lori kuondoka.