Kabla ya Kuhesabu Ghorofa, Uliza Bomba

Kila mradi mpya wa nyumba ukitangazwa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, watu huniuliza mambo yaleyale: nyumba ni ngapi, kodi itakuwa pesa ngapi, watakaozipata ni akina nani. Bado sijaulizwa maji ya choo ya nyumba hizo yatapita wapi. Mimi ni mhandisi wa maji taka, kwa hiyo habari za vyoo hazinipi haya, na leo nitazungumzia hizo. Mtaa wa Nairobi hauanzi kuoza kwa sababu una watu wengi. Huanza kuoza siku watu wanapoongezewa ghorofa juu ilhali bomba lililo chini ni lile la zamani.

Jiji letu lina bahati moja kubwa, nayo ni mteremko. Upande wa Dagoretti na Kikuyu uko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, katikati ya jiji ni kama mita 1,660, na ukishuka hadi Ruai unakaribia 1,500. Maji taka hujiendea yenyewe bila pampu. Mabomba makuu hufuata mabonde ya mito, Nairobi, Mathare na Ngong, hadi kwenye mabwawa ya kusafishia yaliyoko Ruai (kwenye karatasi za ofisi bado yanaitwa ya Dandora, na mgeni akitumwa huko hupotea). Jua na vijidudu ndivyo hufanya sehemu kubwa ya kazi pale. Bahati hiyo ina adhabu yake: maji yanayotoka mitaa ya wenye nacho ya magharibi, Lavington na Kileleshwa, hupita chini ya miguu ya watu wa Eastlands kabla ya kufika mwisho wa safari, na bomba kuu likiziba, kifuniko kinachofumuka hakiko Lavington.

Udongo nao una maneno yake. Magharibi kuna udongo mwekundu, mtulivu, ukichimba unasimama. Mashariki ni ule udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Kila msimu wa mvua unayasukuma mabomba, kila kiangazi unayaachilia, na baada ya miaka viungo vinaachana. Fundi asiyeweka tabaka la changarawe au zege chini ya bomba huko Embakasi anakuwa amezika pesa za watu.

Sasa twende Dandora. Mwaka 1975, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, baraza la jiji la wakati huo lilianzisha mradi wa ploti zipatazo 6,000. Walio wengi hawakupewa nyumba. Walipewa kipande cha ardhi chenye choo, bafu, maji na mtaro wa maji taka uliokwisha unganishwa, kisha kila mtu akajenga vyumba kadiri mfuko ulivyomruhusu. Kwangu mimi huo ndio mpango uliofikiriwa vizuri kuliko yote ya makazi ya jiji hili, hata kama leo ukitaja Dandora mtu anakumbuka jalala. Walianza na kitu kigumu kuongeza baadaye, yaani bomba, wakamwachia mwananchi kilicho rahisi, yaani ukuta.

Shida ni kwamba aliyechora alihesabu familia moja na wapangaji wachache. Tuseme watu kumi kwa ploti. Weka ghorofa tano hapo, kila moja na vyumba vinane, kila chumba na watu watatu: umefika watu 120, mara kumi na mbili ya hesabu ya kwanza. Uwezo wa bomba hauongezeki kama watu wanavyodhani. Kwenye mteremko uleule, bomba la inchi tisa hubeba karibu mara tatu ya bomba la inchi sita. Ukitaka mara kumi na mbili, unahitaji takribani inchi kumi na tano. Kama kila ploti ya mtaa huo imepandishwa hivyo, maana yake ni kuchimbua mtaa mzima, na mtaa mzima sasa umejengwa hadi ukingoni mwa barabara. Mwenye nyumba mmoja aliniuliza nikimkagulia ramani, “Injinia, kwani choo nacho kinataka mipango?” Nilimjibu, “Mzee, choo ndicho kinachotaka mipango. Sebule itajipanga yenyewe.” Alicheka, akajenga alivyotaka.

Na usidhani dawa ni kutandaza mabomba makubwa kila mahali. Bomba la maji taka hujisafisha lenyewe iwapo maji yanakimbia kwa kasi ya kutosha. Sisi tunalenga angalau mita 0.75 kwa sekunde wakati maji ni mengi. Bomba kubwa lenye maji machache linaacha uchafu mzito ukae chini, ukakauka na kuganda. Hapa ndipo mgao wa maji unapoingia, na ni jambo ambalo wakazi wengi hawaliunganishi. Sehemu kubwa ya maji yetu hutoka milima ya Aberdare, hasa bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70. Hata baada ya lile handaki la kilomita 11.8 la kuleta maji zaidi kutoka Murang'a, mahitaji ya jiji bado yamezidi maji yanayofika. Mtaa ukipata maji siku mbili kwa wiki, watu huosha vyombo kwa beseni, hufua kwa yaleyale, kisha humwagia choo maji kwa kikopo. Kinachoingia mtaroni ni uchafu mwingi na maji kidogo. Siku maji yanaporudi, kila kitu kinasukumwa kwa pamoja hadi kwenye kona ya kwanza iliyoganda, na hapo chemba, lile shimo lenye kifuniko la kukagulia mtaro, inafurika. Wakazi hulaumu maji yaliyorudi. Mtaro ulikuwa umeanza kuziba zile siku za ukame.

Kuna na mengine madogo. Nepi na matambara, hilo kila mtu analijua. Vifuniko vya chuma huibwa kuuzwa kwa kilo, ndiyo maana siku hizi unaona vya zege. Linaloniudhi zaidi ni mifereji ya paa kuelekezwa kwenye chemba ya choo ili ua usilowe. Mvua ya saa moja kwenye mapaa ya mtaa mmoja inaweza kuzidi maji taka ya mtaa huo kwa siku nzima.

Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda, ni hadithi nyingine, na ndiyo iliyonifundisha kwamba mara nyingi kinachokosekana ni njia kuliko pesa. Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani zina familia zipatazo 100,000 kwenye ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ina hati za watu binafsi. Sheria za kawaida za mipango zinataka barabara pana kabla ya kulaza bomba. Ukizifuata pale neno kwa neno, unabomoa nusu ya makazi ili kuwapelekea huduma watu ambao umeshawafukuza. Kwa hiyo kwa miaka mingi hapakufanywa chochote, na watu wakanunua maji kwa mtungi. Mtungi wa lita 20 kwa shilingi tano ni shilingi 250 kwa mita moja ya ujazo, wakati mkazi mwenye mita yake ya kupimia maji, kwa matumizi ya chini, hulipa kampuni ya maji chini ya shilingi mia kwa kiasi hicho.

Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalum. Tangazo hilo lilisimamisha ujenzi mpya na kuruhusu vipimo vinavyolingana na mahali penyewe. Wakazi walijipanga kwa nyumba kumi kumi, kila kumi na mwakilishi wake, vikundi kumi vikaunda kimoja kikubwa, na mjadala ukapanda hivyo hadi juu. Waliamua wenyewe vichochoro gani vipanuliwe na nani arudishe ukuta nyuma hatua chache. Kwa upande wa maji taka walichagua mtaro rahisi, ule ulioenea Brazili miaka ya 1980: bomba jembamba la milimita mia na ushei, linalozikwa kina kifupi kwenye vichochoro ambavyo gari halipiti. Wahandisi wenzangu wa rika fulani waliguna. Wanasema si bomba halisi. Mimi nasema bomba la hesabu sahihi lenye mteremko sahihi ni bomba halisi, liwe Karen kwa matajiri au Mukuru. Udhaifu wake ni mmoja: likikosa watu wa kulitunza kichochoro kwa kichochoro, linaziba upesi kuliko lile nene.

Haya yote yanahusu vipi nyumba za bei nafuu zinazojengwa sasa? Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Kwa hiyo hata kama hutapata nyumba, mradi ni wako pia, na una haki ya kuuliza. Mitaa ya zamani ya jiji kama Kaloleni ilijengwa nyumba za chini zenye nafasi kati yake, na mabomba yakapimwa kwa nyumba hizo. Ukisimamisha minara ya ghorofa mahali pa namna hiyo, uliza kwanza bomba la nje ya ua lina kipenyo gani na linaungana wapi na bomba kuu. Kisha uliza nani anagharamia kulibadilisha mpaka hapo, kwa sababu mkandarasi wa nyumba huishia langoni. Ripoti ya athari za mazingira inapotangazwa kwa umma, sura ya maji taka huwa fupi na iko karibu na mwisho. Anza kusoma hapo.

Ukijibiwa kwamba watachimba kisima cha maji na tangi la maji taka chini ya maegesho, uliza udongo ni upi. Kwenye ule mweusi maji ya tangi hayanyonywi na ardhi. Tangi hujaa, na lori la kunyonya huitwa, tena na tena. Malipo ya lori hilo huingia kwenye ada ya huduma ya kila mwezi, kwa hiyo dai uambiwe kiasi chake kabla hujaweka sahihi.