Vibao vya Alumina Juu ya Antena: Gharama ya Mwale Mwembamba

Anayetaka antena ya gigahezi 10 ielekeze nguvu zake upande mmoja, mara nyingi hutumia dishi, au hupanga antena ndogo nyingi na kuzigawia nguvu kwa njia ambazo zenyewe hupoteza sehemu yake. Mimi hupendelea njia nyingine, inayotokana na mawazo mawili: kazi ya mhandisi von Trentini ya mwaka 1956 kuhusu nyuso zinazoakisi kiasi, na fuwele za fotoni, ambazo wanafizikia Eli Yablonovitch na Sajeev John, kila mmoja kwa upande wake, walizipendekeza mwaka 1987, yaani maada zilizopangwa kwa mpangilio unaojirudia hata mawimbi ya masafa fulani yasiweze kupenya.

Katika gigahezi 10 wimbi lina urefu wa milimita 30. Kibao cha alumina, yaani kauri ya oksidi ya alumini, chenye unene wa milimita 2.4, ambao ni robo ya wimbi ndani ya alumina, huwekwa milimita 15 juu ya bati lenye antena ndogo bapa. Mawimbi hudundadunda kati ya bati na kibao, yakivuja kidogo kidogo, na yale tu yanayokwenda wima hutoka yakiwa yameoana fezi, yaani yakipanda na kushuka pamoja, hivyo mwale hujikusanya. Kwa hesabu ya kibao kipana mno, nguvu ya upande huo huongezeka takriban mara 10, sawa na desibeli 10. Kikiongezwa kibao cha pili, kikiachwa nafasi ya milimita 7.5 za hewa, ongezeko hukaribia mara 96.

Hapo ndipo wengi hushawishika kuongeza cha tatu, nami siwashauri. Kibao kimoja huacha upana wa masafa wa takriban asilimia 6. Viwili huacha chini ya asilimia 1, yaani megahezi 70 hazifiki. Nafasi ya milimita 15 ikiwa 15.5, masafa ya antena huhama kwa zaidi ya megahezi 250, na antena ya vibao viwili huwa imekwisha kuwa nje kabisa ya chaneli yake. Vibao navyo sharti viwe vipana: kwa viwili, upande usipungue sentimita 19, la sivyo mawimbi hufika ukingoni kabla hayajamaliza kuvuja.

Kwa hiyo mimi huanza na upana wa chaneli, ndipo nichague idadi ya vibao. Bati la chini nalitaka nene, kwa kuwa jembamba hupinda, na nafasi huipima katikati vilevile, si pembeni tu kwenye vishikizo.