Je, wajua kwa nini "si urekodi uangalie kesho" haimsaidii Myahudi mshika Sabato?

Myahudi mshika dini akilalamika kwa kituo cha TV kwamba shindano kubwa la kuimba, lile watazamaji wanapiga kura, limewekwa Ijumaa usiku, jibu la haraka ni hilo: rekodi, utaangalia baadae. Mi naona jibu hilo halijagusa lalamiko lenyewe, na hapa ntaeleza kwa nini.

Sabato ya Wayahudi inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi nyota zitoke. Humo ndani kuna aina 39 za kazi zilizokatazwa, kuwasha moto ikiwemo, na marabi wa Kiorthodoksi wamekataza na kuwasha umeme, kwa hiyo rimoti haishikwi, simu haishikwi, gari halipandwi. Na usiseme basi aiache TV imewaka tangu mchana, hilo nalo marabi wengi wanalikataa maana linaharibu utulivu wa siku.

Sasa tatizo la saa. Kwa Abayudaya, wale Wayahudi wa Uganda upande wa Mbale, jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, mambo rahisi. London ni habari nyingine kabisa, Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, Juni linazama saa tatu na ushee usiku. Yaani kipindi kilekile cha Jumamosi saa mbili usiku, kipindi cha baridi familia inakaa inaangalia vizuri tu Sabato imeshaisha zamani, ila ikifika Mei au Juni bado ina kama saa mbili za kusubiri, na watu washaanza kupiga kura.

Kura hairekodiwi. Jukwaani pia hupandi kesho yake wenzako washaimba jana.

Mfano ambao mi unaniuma mpaka leo ni wa Israeli kwenyewe, 2019. Kuna bendi inaitwa Shalva, wanamuziki wake ni watu wenye ulemavu, walikuwa wanapendwa mno kwenye shindano la kutafuta nani aiwakilishe Israeli Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya na wenzao, ambalo mwaka huo lilifanyika Tel Aviv. Baadhi yao wanashika Sabato. Fainali ya Eurovision yenyewe ilianza Jumamosi usiku sana, Sabato imeshapita, kwa hiyo hapo hamna shida, shida ni mazoezi ya Ijumaa usiku, na yale si mazoezi ya kupasha tu, majaji wa kila nchi wanatoa alama zao palepale na alama zao ni nusu ya matokeo. Waandaaji hawakukubali kuwapa ruhusa ya kukosa, bendi ikajitoa kabla hata ya fainali ya kwao nyumbani.

Ndo maana anayetaka kulalamika asiandike tu "mnatubagua", aandike tarehe, saa ambayo Sabato inaisha mji huo siku hiyo, na kitu gani hasa kimemfungia nje, kuangalia, kupiga kura au kushiriki, maana kila kimoja kina dawa yake. Kuangalia, marudio yanatosha. Kura inataka muda wa kupiga uongezwe mpaka Sabato iishe. Kushiriki kunataka siku nyingine ya kurekodi. Uingereza, kama kipindi ni cha BBC, unaanza na BBC yenyewe, na usiporidhika una haki ya kupanda ngazi ndani ya BBC hukohuko, ila ujue Ofcom, msimamizi wa utangazaji kule, kazi yake zaidi ni yaliyomo kwenye kipindi, saa ya kurusha ni uamuzi wa kituo, so barua yako ya kwanza ndo iwe na nguvu zote.

Na kusogeza inawezekana jamani. Shalva haohao waliimba Eurovision ileile kama wageni, kwenye nusu fainali ya pili, siku ya Alhamisi.