Je, wajua? Kwa nini bomba la koili linapitisha joto zaidi kuliko bomba lililonyooka?

Kuna matenki ya sola ya maji ya moto ambayo ndani yake, kule chini, kuna bomba la kopa limezungushwa raundi kibao, ndiyo koili, linaloyapa maji ya tenki joto la sola. Wengi wanadhani ni kubana nafasi tu, mita kadhaa za bomba ziingie kwenye tenki dogo. Nafasi ni kweli, lakini hata ukichukua bomba lilelile, urefu uleule na maji yaleyale, likikunjwa linapitisha joto zaidi.

Kisa ni kona. Daladala ikikata kona kwa kasi abiria wote mnaegemea upande wa nje, si ndiyo? Sasa ndani ya bomba maji ya katikati ndiyo yana kasi kubwa, kwa hiyo yanasukumwa ukuta wa nje wa kona, na yale ya kandokando ambayo yanajikokota yanarudishwa ndani kwa kufuata kuta za juu na chini, basi inatokea mizunguko miwili midogo ambayo inakwenda mbele huku inajizungusha muda wote. Maji yaliyotoa joto lake ukutani hayakai pale, yanabebwa na mengine yanakuja. Kwenye bomba lililonyooka, maji yakienda taratibu, kila tabaka linapita njia yake na joto linapenya polepole sana.

Aliyeipigia hesabu hii ni Mwingereza W. R. Dean, mwaka 1927 na 1928, ndiyo maana mpaka leo mainjinia wanatumia namba ya Dean. Unachukua namba ya Reynolds (ile inayoonyesha mkondo umetulia au umevurugika), unazidisha na kipeuo cha pili cha kipenyo cha bomba ukigawa kwa kipenyo cha koili. Hapo kwenye kipeuo watu wanakosea: ni kipeuo cha pili cha mgawanyo, yaani mzizi wake, sio kuuzidisha wenyewe kwa wenyewe. Tuseme bomba ni milimita 8, koili ni milimita 100, mgawanyo ni 0.08 na mzizi wake kama 0.28. Reynolds ikiwa 1,500, Dean inakuja kama 424, na hapo mizunguko imeshakolea.

Halafu kuna kitu kinashangaza kidogo. Bomba lililonyooka mkondo unaanza kuvurugika Reynolds ikifika kama 2,300, ila kwenye koili hiyo ya mfano fomula zinakupa kama 9,000! Kona inautuliza mkondo. Ndiyo maana ukitumia fomula za bomba lililonyooka kutabiri koili unapotea kabisa. Mkondo ukiwa umetulia faida ya koili inaweza kuwa mara kadhaa, ukishavurugika fomula moja ya zamani inakupa nyongeza ya asilimia 28 tu kwa mfano wetu, maana maji yenyewe yalishajichanganya. Na sio bure, pampu inasukuma kwa nguvu zaidi, kwa Dean 424 msuguano ni kama mara 2.6 ya bomba lililonyooka.

Mimi naona watu wanahangaika sana na ndani ya bomba wakati tatizo liko nje. Joto linapita vizuizi viwili, ndani na nje, na kile kigumu ndicho kinaamua. Tuseme upitishaji wa joto (namba ikiwa kubwa, joto linapita kirahisi) ndani ni 3,000 (wati kwa mita ya mraba kwa digrii) na nje, kwenye maji ya tenki yaliyosimama, 500, jumla unapata kama 429. Sasa ongeza ya ndani mara mbili iwe 6,000, unapata 462, asilimia 8 hivi, umehangaika bure. Bora uachie nafasi kati ya raundi na raundi maji ya tenki yapite. Na ukiwa na maji ya kisima yenye chumvi, weka na hesabu ya ukoko, maana ukishaganda kwenye kopa unakuwa kizuizi cha tatu ambacho kwenye fomula ya Dean hakimo.