Mama wa mtoto njiti, usisubiri arobaini kumpima macho

Huku kwetu Dodoma ukitaja ugonjwa wa macho kwa watoto, watu wanawaza trakoma, na siwashangai, Kongwa wanaijua vizuri. Ila mimi kama daktari wa macho kuna mwingine unaoninyima usingizi, huu hauleti tongotongo, jicho haliwi jekundu, mtoto hawashwi, ukimwangalia macho ni mazuri kabisa. Ni ugonjwa wa retina kwa watoto njiti.

Iko hivi. Retina ni ule utando mwembamba nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na mishipa ya damu inayoulisha huanza kuota mimba ikiwa na wiki kama 16, inafika pembeni kabisa karibu na wiki ya 40. Sasa mtoto akizaliwa na wiki 29 pembeni huko bado hakuna mishipa, na oksijeni anayopewa wodini ikizidi, mishipa iliyopo inaacha kuota, alafu wiki kadhaa baadae sehemu iliyokosa damu inaanza kudai, jicho linaotesha mishipa mipya ovyo ovyo, dhaifu, inavuja, inaacha kovu, na kovu likivuta retina inabanduka. Ikibanduka yote, hata upasuaji mara nyingi haurudishi kuona.

Msinielewe vibaya, oksijeni ndo inayomwokoa mtoto. Miaka ya 1940 hadi 50 huko Marekani watoto wengi walipofuka kwa kupewa oksijeni nyingi bila kipimo, baadae walipoibana sana wengine wakafa. Siku hizi wodi nyingi zinalenga oksijeni ya kwenye damu ya mtoto isome asilimia 90 hadi 95 kwenye kile kipimo kinachofungwa mguuni. Shida inakuja pale oksijeni inapotoka kwenye mtungi moja kwa moja bila kuchanganywa na hewa, ndo maana kwenye nchi kama yetu hata mtoto wa kilo 1.8 anaweza kuupata, wakati Marekani wanapima hasa wa kilo 1.5 kushuka chini.

Sasa kipimo cha kwanza, kwa wengi, ni wiki ya 4 baada ya kuzaliwa. Na hapo ndo tunapowapoteza. Mama kesharuhusiwa, yuko Mpwapwa au Bahi, mtoto ananyonya, anaongezeka uzito, na bibi kasema hatoki ndani mpaka arobaini. Bibi zetu nawaheshimu sana na kumkinga kichanga na baridi na wageni ni jambo jema, ila jamani pigeni hesabu: aliyezaliwa na wiki 31 akitimiza arobaini anakuwa na wiki karibu 37 ukihesabu tangu mimba, na ugonjwa ukikolea hukolea hasa kati ya wiki ya 35 na 38. Ukifika kiwango cha kutibiwa tunatakiwa tupige leza au sindano ya dawa ndani ya saa 48 hadi 72, sio wiki ijayo, sio mkishavuna. Kwa hiyo mfunike vizuri, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi kama mlivyofundishwa wodini, uje nae. Kabla hujaruhusiwa omba waandike tarehe ya macho kwenye karatasi, wakisahau wakumbushe, ni haki yako.

Kupima kwenyewe ni matone ya kupanua mboni, alafu tunashikilia kope na kuangalia kwa taa. Atalia, sitakuficha, ila ni dakika chache.

Na hata akipona, au asipoupata kabisa, njiti tunaendelea kumfuatilia. Wengi wanakuja kuwa na makengeza, jicho vivu (yaani ubongo unalipuuza jicho moja), au hawaoni mbali na wanahitaji miwani mapema sana, wengine jicho ni zima ila ubongo ndo haupambanui vizuri kinachoonekana, mwalimu anadhani mtoto mzito. Mlete kabla hajaanza shule. Na aliyepigwa leza utotoni, hata akiwa fomu foo, akianza kuona vimulimuli au kitu kama pazia kimefunika upande mmoja, aje siku hiyohiyo, maana retina yake inaweza kubanduka hata ukubwani.